Uliza Ujibiwe: Nyuzi za Hawaii Masikioni mwa Waamu

Katika toleo lililopita niliandika ukurasa mmoja kuhusu visiwa vya Hawaii, nikasema kwamba muziki wake, ambao wengi wetu tunaudhania kuwa ni burudani ya hotelini tu, wenyewe wanauhesabu kuwa hazina ya lugha yao. Barua zilizonifikia tangu hapo kutoka Lamu mjini, Shela, Matondoni na Malindi ni nyingi kuliko nilivyotazamia. Nimechagua sita, na nimejibu kwa urefu pale ambapo swali lenyewe lilidai urefu.

*Assalamu alaikum, Mwalimu. Nafanya kazi katika nyumba ya wageni hapa Shela. Mgeni mmoja alipoondoka aliniachia kigitaa chenye nyuzi nne, akaniambia ni ukulele wa Hawaii. Rafiki zangu wanasema ni mchezo wa watoto. Je, ni ala ya kweli? Na nyuzi zake husawazishwa vipi, maana zimelegea na mmoja umekatika?*
*Kijana wa Shela*

Waalaikumu salamu, mwanangu. Waambie rafiki zako kwamba ulichoachiwa ni ala kamili, yenye historia yake, mafundi wake na mabingwa wake. Tarehe 23 Agosti 1879 meli iliyoitwa Ravenscrag ilitia nanga Honolulu baada ya safari ya takriban miezi minne, ikiwa imebeba Wareno wa kisiwa cha Madeira walioajiriwa kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, na katika mizigo ya abiria wale kulikuwa na vigitaa vidogo vya kwao vilivyoitwa machete. Haikupita hata wiki tatu gazeti moja la Honolulu likaandika kwamba wageni hao wanawafurahisha watu kwa muziki wa barabarani kila usiku. Kazi ya mashambani ilipokwisha, maseremala hao walifungua karakana mjini, wakaanza kuunda vigitaa hivyo kwa mbao za koa, mti wa asili wa Hawaii wenye rangi ya kahawia inayong'aa. Mfalme Kalākaua, aliyetawala kuanzia mwaka 1874 hadi 1891, alivipenda, akaviingiza katika karamu za kasri lake. Na ala iliyopewa nafasi mbele ya mfalme haikukaa muda ikiitwa ya wageni.

Kuhusu jina, maelezo yaliyoenea zaidi ni kwamba ʻuku ni kiroboto na lele ni kuruka, kwa jinsi vidole vya mpigaji vinavyorukaruka juu ya nyuzi. Malkia Liliʻuokalani, dada yake mfalme huyo, alipendelea maana nyingine, kwamba neno hilo ni zawadi iliyokuja kutoka mbali. Mimi naegemea upande wa malkia. Sisi wa pwani tunawajua Wareno tangu Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, nao walituachia maneno kama meza, gereza na bendera, lakini hawakutuachia kigitaa chao. Chetu sisi kilikuja kwa njia ya Uarabuni: kile kibangala cha wazee wa Lamu, ambacho marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa mji huu, alikihangaikia sana kisisahauliwe, kina udugu na gambusi ya Yemen. Kwa hiyo Mwamu hawezi kushangaa kwamba ala ya mgeni imegeuka kuwa ya mwenyeji.

Sasa nyuzi. Ushikapo ukulele tayari kupiga, uzi wa juu kabisa ulio karibu na uso wako ni G, unaofuata ni C, kisha E, na wa chini kabisa ni A. Linalowakanganya wapigaji wa gitaa ni kwamba ule wa G hauna sauti nene kama walivyozoea, bali sauti yake imepanda juu ya C na juu ya E, ikakaribia A. Na huko ndiko unakotoka ule mlio mwepesi wa ukulele unaofanana na kicheko. Ukiweka programu ya kusawazishia nyuzi katika simu yako, utazipata zote nne kwa dakika chache. Nyuzi mpya zitalegea tena na tena kwa siku mbili tatu za kwanza, usidhani zimeharibika. Uliokatika usiubadilishe kwa waya wa gitaa, kwa sababu kigitaa hicho hakikuundwa kuhimili mvuto wa chuma, na kile kibao kilichogundishwa kifuani, kinachozishika nyuzi kwa chini, kitang'oka. Ukikosa nyuzi zenyewe, mshipi wa kuvulia wa nailoni, wenye unene unaokaribiana na wa ule uliokatika, utakufaa kwa muda. Halafu kilinde na hewa ya bahari: nailoni haipati kutu, lakini vile vyuma vya kukazia nyuzi hupata, na pale Shela upepo wa kusi huvipukutisha. Vipanguse kwa kitambaa kikavu kila umalizapo kupiga.

*Mwalimu, Hawaii ni nchi au ni jimbo la Marekani? Na watu wake wa asili ni akina nani?*
*Mwanafunzi, Lamu*

Ni jimbo la Marekani tangu mwaka 1959, lenye visiwa vikubwa vinane, na mji wake mkuu ni Honolulu katika kisiwa cha Oʻahu. Kabla ya hapo ilikuwa dola yenye wafalme wake, hadi utawala wa kifalme ulipopinduliwa tarehe 17 Januari 1893, na Marekani ikaitwaa nchi mwaka 1898. Wenyeji ni Wapolinesia, waliovuka Bahari ya Pasifiki kwa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja na kwa mitumbwi yenye matengo kama ngalawa zetu. Mfanano huo wa matengo si wa kubahatisha. Lugha yao ni ya ukoo mmoja na Kimalagasi: mbingu kwa Kihawaii ni lani na kwa Kimalagasi ni lanitra, nane ni walu kwa wale na valo kwa hawa, na wanahistoria wengi wanaona kuwa mabaharia wa ukoo huo ndio walioileta ngalawa upande huu wa Afrika.

*Bwana Mwandishi, salamu. Mimi ni fundi wa majahazi, umri wangu umeshapita miaka sabini. Zamani tulikuwa tukisikiliza santuri za nyimbo za sinema za Kihindi, na ndani ya baadhi yake kulikuwa na uzi unaolia kama mtu, sauti ikipanda na kushuka pasi na kukatika. Sasa mjukuu wangu ananiambia kuwa hilo ni gitaa la Hawaii. Hawaii na Bombay wapi na wapi?*
*Fundi, Matondoni*

Mzee wangu, shikamoo. Mjukuu wako amesema kweli, na swali lako limenifurahisha kuliko yote yaliyofika, kwa sababu linaonesha kwamba muziki wa Hawaii ulikwisha kupiga hodi katika nyumba zetu kabla hatujajua jina lake.

Mwanzo wake unanasibishwa na Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874 na kukulia Lāʻie, katika kisiwa cha Oʻahu. Katika miaka ya 1880, akiwa bado mwanafunzi, aligundua kwamba uzi wa gitaa ukiguswa na kipande cha chuma badala ya kubanwa kwa kidole, sauti yake haihami kwa kuruka kama mtu apandaye ngazi, bali huteleza. Husimuliwa kwamba chuma cha kwanza kilikuwa bolti aliyoiokota kando ya njia ya reli, na wengine husema kisu au kitana. Lililo muhimu zaidi kuliko hicho chuma ni subira yake: alilaza gitaa mapajani, akaziinua nyuzi zisigusane na shingo, akatengeneza kipande cha chuma laini cha kushikwa kwa mkono wa kushoto, akafanya mazoezi miaka kadhaa hadi mtindo ukakamilika. Mwaka 1904 aliondoka Hawaii kwenda Marekani bara, baadaye akazunguka Ulaya akipiga na kufundisha, akafariki mwaka 1932 bila kurudi kuishi kwao.

Lililoufungulia mtindo huo milango ya dunia ni maonesho makubwa ya mwaka 1915 huko San Francisco, yaliyohudhuriwa na watu zaidi ya milioni 18. Katika banda la Hawaii wanamuziki walipiga ukulele na gitaa la kuteleza kila siku, na baada ya hapo Marekani nzima ikaingiwa na homa ya nyimbo hizo. Waliotaka gitaa la mapajani lisikike katika kumbi kubwa ndio waliosukuma uvumbuzi wa gitaa la umeme: lile la kwanza kuuzwa kwa wingi, ambalo kampuni ya Rickenbacker ililitoa mwaka 1932, lilikuwa la kulazwa mapajani kwa mtindo wa Hawaii, likiwa na umbo lililowafanya watu waliite kikaango. Kwa hiyo kila gitaa la umeme linalonguruma katika harusi zetu leo lina deni kwa yule kijana wa Lāʻie.

Ama India, wanamuziki wa Hawaii waliifikia kwa meli, wakipiga katika kumbi za miji ya bandari. Mashuhuri wao ni Tau Moe na mkewe Rose, waliosafiri ulimwenguni kwa zaidi ya miaka 50 na kuishi Calcutta katika miaka ya 1940. Wahindi waliuona mtindo huo kuwa umeumbwa kwa ajili yao, kwa kuwa uimbaji wao wenyewe unapenda sauti itelezayo kutoka daraja moja hadi jingine, nao wakaupeleka studioni. Van Shipley alipiga gitaa hilo katika nyimbo za sinema, na ndilo ulilolisikia, mzee wangu. Brij Bhushan Kabra alilipandisha hadi muziki wao wa jadi, na Vishwa Mohan Bhatt akaliongeza nyuzi, akashinda tuzo ya Grammy mwaka 1994. Hapa kwetu tunajua jinsi waimbaji wa taarab walivyozichukua tuni za Kihindi wakazitilia maneno ya Kiswahili, na hakuna aliyelifanya hilo kwa sauti tamu kuliko marehemu Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi. Basi tazama safari hiyo: kutoka Oʻahu hadi Calcutta na Bombay, kisha kwa santuri hadi Mombasa, kisha masikioni mwako ukiwa na tezo mkononi. Gitaa hilo lilifika hata Nigeria, ambako King Sunny Adé alilitia katika muziki wa juju, nalo likaonekana kana kwamba lilizaliwa huko.

*Mimi hupiga gitaa katika hoteli za Malindi nyakati za jioni. Nimesikia kuna mtindo wa Hawaii ambao gitaa moja husikika kama mawili. Ni siri gani hiyo?*
*Mpiga gitaa, Malindi*

Ndugu yangu, neno siri umelitumia mahali pake hasa. Mtindo huo huitwa kī hōʻalu, maana yake ni kulegeza ufunguo, yaani kuzilegeza nyuzi. Asili yake ni ng'ombe. Mwaka 1793 nahodha Mwingereza George Vancouver alimletea Mfalme Kamehameha wa Kwanza ng'ombe wa zawadi, na mfalme akapiga marufuku kuchinjwa kwao. Wakazaana, wakawa wa mwituni, wakavamia mashamba. Katika miaka ya 1830 Kamehameha wa Tatu aliwaita wachunga ng'ombe wa Kimeksiko waje kuwafundisha wenyeji namna ya kuwakamata na kuwachunga kwa farasi. Wageni hao walikuja na magitaa yao, na waliporudi kwao, magitaa mengine yalibaki. Wenyeji, ambao hawakuwa wamefundishwa kwa utaratibu, walizifungua nyuzi na kuzipanga upya mpaka zikakubaliana na nyimbo zao wenyewe. Hadi leo mchunga ng'ombe wa Hawaii huitwa paniolo, neno linalosemwa kuwa limetokana na español.

Ukitaka kuanza usiku huu huu, chukua gitaa lako lililosawazishwa kwa kawaida, ulegeze uzi wa sita, wa tano na wa kwanza, kila mmoja kwa hatua moja kamili. Utapata D, G, D, G, B, D, na ukizipiga zote bila kubana chochote utasikia mwafaka mzima wa G. Mpangilio huo Wahawaii wameuita shamba la majimbi, jina ambalo msomaji wa pwani halihitaji kufasiriwa. Hapo dole gumba lishikilie nyuzi nene kwa mwendo usiobadilika, kama anayekanyaga cherehani, na vidole viwili au vitatu vichezee sauti nyembamba. Ndiyo maana gitaa moja likasikika kama mawili. Ipo mipangilio mingine kadha wa kadha, na zamani kila ukoo ulikuwa na wake uliofichwa kiasi kwamba mpigaji akiona mgeni anakaribia, huzilegeza nyuzi zote asije akaibiwa.

Kufichana huko nusura kuue mtindo wenyewe. Aliyeutoa hadharani ni Gabby Pahinui, aliyezaliwa mwaka 1921, ambaye santuri aliyoirekodi mwaka 1946 ni miongoni mwa za kwanza kabisa za mtindo huu. Kwa miaka mingi aliishi kwa kibarua cha kutengeneza barabara za Honolulu, na nyumba yake ya Waimānalo ilikuwa wazi kwa kila mwenye ala. Mwishoni mwa wiki watu walipiga uani kwake mpaka alfajiri. Alifariki mwaka 1980, lakini wanawe, akiwamo Cyril, waliuendeleza mkono wake. Pamoja naye watafute Leonard Kwan, Sonny Chillingworth na Raymond Kāne. Keola Beamer alichapa kitabu cha kufundishia mwaka 1973, jambo ambalo wazee wengine hawakulipenda. Mimi naona alifanya sawa, kwa maana elimu iliyofungiwa sandukuni huzikwa na mwenyewe.

*Mwandishi, mimi ni mtunzi wa mashairi ya harusi, mkaazi wa Langoni. Picha zote nizionazo za Hawaii ni za wasichana waliovaa majani wakiwachezea watalii. Wewe umeandika kuwa muziki wao ni hazina ya lugha. Niambie, maneno ya nyimbo hizo yana uzito wowote, au ni ngoma ya macho tu?*
*Bi Mtunzi, Lamu*

Bi Mkubwa, nimeisoma barua yako mara tatu, kwa kuwa umeuliza lile hasa lililonifanya niandike. Uzito wote uko katika maneno. Kwa Wahawaii wimbo huitwa mele, na mele kwanza ni shairi. Ukisomwa kwa sauti ya kughani pasi na ngoma wala mchezo huitwa oli, ambapo mghani huvuta mstari mrefu kwa pumzi moja. Ukichezwa huitwa mele hula, na hapo mikono ya mchezaji haipambi, inasimulia: inasema mvua, inasema ua, inasema wimbi na mpendwa aliyeondoka. Mchezaji asiyejua lugha ya wimbo hujulikana mara moja na wajuao, kama sisi tunavyomjua mwimbaji anayeimba mafumbo asiyoyafahamu.

Na mafumbo ndipo nitakapokushika mkono. Wao wana neno kaona, maana iliyofichwa chini ya maana. Wimbo unataja maporomoko ya maji, ukungu wa mlimani, au ua la lehua linaloloa, na msikilizaji wa kawaida anasikia sifa za nchi. Kumbe anayehusika anajua kwamba ua ni mtu na mvua ni mpenzi wake. Wewe mwenyewe umekwisha kutunga beti za asumini ambazo nusu ya ukumbi walizisikia kuwa ni asumini, na nusu nyingine wakatazamana. Ni ustadi ule ule, katika bahari mbili tofauti.

Ala zao za kale zilikuwa chache, na zilihudumia neno. Ipo pahu, ngoma ya gogo la mnazi iliyowambwa ngozi ya papa. Ipo ipu heke, mabuyu mawili yaliyounganishwa, ambayo mwalimu huyapiga kwa kiganja na kuyagonga chini. Yapo mawe laini yanayogonganishwa mkononi kama vijaluba, na filimbi ya mwanzi inayopulizwa kwa pua. Mwalimu huitwa kumu hula na chuo chake hālau, na mwanafunzi huingia kwa adabu, kama tulivyoingia sisi vyuoni.

Wamisionari kutoka Marekani walifika mwaka 1820. Miaka kumi baadaye Kaʻahumanu, malkia mwenye nguvu aliyekwisha kuingia Ukristo, alipiga marufuku hula hadharani. Mchezo haukufa, ulihamia vijijini, ukafundishwa ndani ya nyumba. Kalākaua ndiye aliyeurudisha hadharani, kwa makusudi na bila kuona haya, katika sherehe za kutawazwa kwake za mwaka 1883. Yeye na ndugu zake watatu, Liliʻuokalani, Likelike na Leleiōhoku, wote walikuwa watunzi. Kila mmoja alikuwa na kikundi chake, na walishindana kwa nyimbo. Sijui nasaba nyingine ya kifalme iliyojaaliwa hivyo.

Liliʻuokalani ndiye mtunzi wa "Aloha ʻOe", wimbo wa kuagana wa mwaka 1878 ambao dunia nzima inaujua. Alirithi kiti mwaka 1891, akapinduliwa mwaka 1893 na wafanyabiashara waliosaidiwa na askari wa Marekani walioteremka melini. Mwaka 1895 alifungwa katika chumba cha kasri lake mwenyewe, na humo akaandika nyimbo, akaanza na kufasiri Kumulipo, utenzi wa asili ya ulimwengu na nasaba ya wafalme wenye mistari zaidi ya elfu mbili. Baada ya mapinduzi wanamuziki wa bendi ya kifalme walitakiwa waape utii kwa serikali mpya. Waliokataa walimwendea Ellen Prendergast, bibi wa kasri la malkia na rafiki yake, wakamwomba awatungie wimbo, naye akatunga "Kaulana Nā Pua", unaosema kwamba watu hawa hawataki fedha za serikali hiyo, mawe ya nchi yao yanawatosha. Tuni yake ni changamfu. Mgeni anaweza kuucheza ukumbini bila kujua kwamba amesimama ndani ya maombolezo.

Mwaka 1896 sheria ilikifanya Kiingereza kuwa lugha pekee ya kufundishia shuleni, na watoto waliosema Kihawaii darasani waliadhibiwa. Hapo ndipo zilipoingia nyimbo za watalii, zenye maneno ya Kiingereza yaliyochovywa katika maneno mawili matatu ya wenyeji. Zimo nzuri ndani yake, sizikatai zote, na wanamuziki wengi wenye vipaji walilisha watoto wao kwazo. Lakini nilipokuwa kijana nilinunua kanda katika duka moja la Mombasa, juu imechorwa minazi, na ndani yake hapakuwa na neno la Kihawaii kutoka mwanzo hadi mwisho, wala sauti ya Mhawaii hata mmoja. Kwa miaka mingi niliamini kwamba nimeujua muziki huo, na mpaka leo jambo hilo linanichoma.

Ufufuo ulianza mwishoni mwa miaka ya 1960, ukashika kasi katika miaka ya 1970. Eddie Kamae, bingwa wa ukulele, alizunguka visiwani akiwatafuta wazee wenye nyimbo, akisaidiwa na mtaalamu wa lugha Mary Kawena Pukui kuzielewa. Huko Hilo mashindano ya hula ya tamasha la Merrie Monarch, lililopewa jina kwa heshima ya Kalākaua, yameendelea tangu mwaka 1971: usiku mmoja ni wa hula ya kale yenye maghani na mabuyu, mwingine ni wa hula mpya yenye magitaa na ukulele. Mwaka 1978 Kihawaii kilifanywa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na mwaka 1984 ikafunguliwa shule ya kwanza ya watoto wadogo wanaolelewa kwa lugha hiyo tu. Hizo picha ulizoziona, Bi Mkubwa, ni kibaraza tu, na wageni wengi huishia hapo.

*Mwalimu, kaka yangu ananiambia mwimbaji mkubwa wa Hawaii ni yule mtu mnene aliyeimba wimbo wa upinde wa mvua. Je, ni kweli? Na nikitaka kusikiliza walio hai na waliotangulia, nianze na nani?*
*Msichana wa kidato cha tatu, Malindi*

Binti yangu, huyo ni Israel Kamakawiwoʻole, aliyezaliwa mwaka 1959. Wimbo huo aliurekodi mwaka 1988, usiku wa manane, katika studio ya Honolulu, yeye na ukulele yake peke yao, akaupiga mara moja tu na kuondoka. Ulitoka katika albamu yake ya mwaka 1993. Alikufa kwa maradhi ya kupumua tarehe 26 Juni 1997, akiwa na miaka 38. Mwili wake uliwekwa katika jengo la serikali ya jimbo watu waage, heshima ambayo hakuna aliyewahi kuipata kabla yake asiyekuwa mtu wa serikali, na majivu yake yakamwagwa baharini huku maelfu ya watu wakiwa majini na ufukweni. Ukimjua kwa wimbo ule tu, hujamjua. Tangu mwaka 1976 aliimba na kaka yake Skippy katika kundi la Makaha Sons of Niʻihau, na nyimbo zake za Kihawaii kuhusu nchi iliyopotezwa ndizo watu wake walizomlilia.

Kwa walio hai, msikilize Jake Shimabukuro, anayepiga ukulele kwa kasi na nguvu ambazo wale maseremala wa Madeira wasingeziamini. Raiatea Helm, mwenye sauti nyembamba ya juu inayokatika na kuunganika kwa makusudi. Na Kealiʻi Reichel wa Maui, mwalimu wa hula aliyeghani na kuimba katika albamu moja ya mwaka 1994 na kuwavuta vijana wengi warudi kwenye lugha. Kalani Peʻa, aliyesomeshwa kwa Kihawaii tangu utotoni, alishinda Grammy mwaka 2017. Vijana wengine huchanganya nyimbo zao na rege ya Jamaika, na wazee hunung'unika. Mimi husikiliza kwanza maneno, kisha ndipo nikaamua.

Lakini wewe anza na Genoa Keawe, aliyeishi tangu mwaka 1918 hadi 2008 na kuimba karibu mpaka mwisho wake. Tafuta "ʻAlika", wimbo wa meli, ambamo anashika sauti moja ya juu na kuiachilia itwae muda wake, nyuzi zikiendelea kumzunguka, mpaka wasikilizaji waanze kupiga makofi kabla hajamaliza. Jaribu kushika pumzi pamoja naye, kisha niandikie uliishia wapi.